Mstari wa Mama Falone

Kwanza ulisikika mlio. Chuma juu ya chuma, ko-ko-ko, ko-ko-ko, ukitoka upande wa kanisa wakati giza lilikuwa bado limeikalia njia. Godelive aliujua kama alivyojua kikohozi cha mumewe. Huyo ni Solange, kiongozi wa likelemba yao ya jembe, chama chao cha kulimiana kwa zamu, anagonga jembe kuukuu kwa kipande cha nondo kuwaita wenzake. Godelive akasukuma kuni chini ya sufuria, akaonja mchuzi, akaongeza chumvi. Leo ilikuwa zamu yake. Leo majembe yote yangelala kwenye shamba lake.

Mlio ulikaribia. Ukafika kwenye ua wa matete. Ukapita.

Godelive aliganda, mwiko mkononi. Akajiambia kwamba Solange anatangulia kumchukua Lydie kule chini, kisha watarudi. Lakini mlio uliteremka kuelekea mtoni, na nyuma yake vishindo vya miguu, kicheko cha mtu mmoja, kilio cha mtoto mgongoni. Ukafifia. Haukurudi.

"Mama," Falone alisema mlangoni, kitenge kikiwa bado kimemzunguka kichwa kwa usingizi. Alikuwa na miaka kumi na mitano na masikio yasiyokosa kitu. "Si leo njo zamu yetu?"

"Njo leo."

"Sasa wamepita."

"Nimesikia, Falone. Mi siko kiziwi."

Sufuria ilikuwa ya watu kumi na wawili. Maharagwe ya mawese, mihogo, na kwa mara ya kwanza tangu likelemba ile izaliwe, makayabo: samaki wa chumvi ambaye watu wa kona ile ya Mbunya humla siku ya ubatizo. Alikuwa ameyanunua kwa pesa ya bahasha, ule msaada wa shirika la wageni, ili wenzake wajue kwamba bahasha haikumfunga mkono. Sasa harufu yake ilijaa uani kama mgeni aliyekosea nyumba.

Sheria ya likelemba ilikuwa fupi, na haikuandikwa popote: leo wote kwako, kesho wote kwangu. Mwenye zamu hupika, na hakuna anayelipwa. Wala haikuwa habari ya mikono tu. Mashamba yalikuwa ng'ambo ya mto Shari, na huko watu wenye bunduki hutokea porini kama umande, bila hodi. Wanawake kumi na wawili wakivuka pamoja huonekana, husikika, hukumbukwa. Mwanamke mmoja akivuka peke yake, majirani huanza kumwombea akiwa bado njiani.

Na mvua ilikuwa imeshaanza. Chini ya kitanda kulikuwa na gunia la mbegu za maharagwe, mbegu nzuri zilizoshuka na lori kutoka Kpandroma. Zikiingia ardhini wiki hii, nyumba ingekula mpaka mwaka ugeuke. Zisipoingia, zingeishia sufuriani, na baada ya sufuria hakuna hadithi nyingine.

Mumewe Firmin alitoka, akajiegemeza kwenye mlango. Miaka ya kuchimba dhahabu mashimoni ilikuwa imemrudisha nyumbani na kifua kilicholia kama mlango mbovu. Akaitazama sufuria.

"Umewapikia makayabo," alisema. "Sawa vile mabibi harusi."

"Nyamaza, baba Falone."

"Nanyamaza. Lakini nani atakula?"

*

Jioni alikwenda kwenye bomba la maji. Bidoni za manjano zilikuwa zimejipanga kwa foleni, na wenye bidoni walikuwa wamekaa kando, miguu yao ikiwa na udongo mwekundu wa ng'ambo. Godelive akaupima udongo ule kwa macho. Ulikuwa udongo wa kulimwa leo.

"Mupishe! Mupishe!" Monique alipaza sauti. Monique alikuwa na ulimi ulioweza kukata kuni. "Madamu Bahasha amefika! Mama, weye si wa kununua maji ya chupa? Ju ya nini unakuja kutusonga huku?"

Wakacheka. Godelive naye akajaribu kucheka nao. Akaweka bidoni yake mwisho wa mstari, nyuma ya ile ya Lydie. Lydie ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote katika likelemba, mtoto wake wa kwanza bado ananyonya, na alimwita Godelive yaya, yaani dada mkubwa, tangu siku walipojuana.

"Yaya, usinitazame nikisema," Lydie alinong'ona, akijifanya anamfunga mtoto vizuri mgongoni. "Tazama maji."

"Naitazama."

"Leo wamelima kwangu. Zamu yako njo wamenipatia. Mi naona haya, yaya, lakini ningekataa je? Nami niko na tumbo ya kulisha."

"Nimewakosea nini?"

"Unauliza kabisa? Ile siku ya shamba ya Solange, ulituma Dany, ule kijana wa kibarua."

"Nilituma mutu, Lydie! Sikuacha fasi wazi. Nilimulipa na pesa yangu mwenyewe."

"Njo palepale. Ulimulipa."

Godelive akasahau agizo, akageuka kumtazama. Lydie akamfinya kiwiko.

"Ile siku njo ilikuwa siku ya bahasha," Godelive alisema kwa haraka. "Watu wa ONG hawapatii mutu pesa mupaka aje na kadi, halafu aweke kidole gumba kwa mashine yao. Usipofika siku yako, wanakufuta. Ningefanya je?"

"Ungekuja kwa Solange na mudomo yako. Ungesema, yaya, siku imenigonga, sogeza zamu yako kidogo. Angekuzomea, hiyo iko hakika. Halafu angesogeza. Wote tumekwisha kuomba vile. Lakini weye ulinunua mutu. Tangu lini mutu ananunua bega ya likelemba?" Lydie akavuta bidoni yake hatua moja mbele. "Halafu, umeshaenda kuona mustari yako?"

"Mustari gani?"

"Kwa shamba ya Solange. Dany alikata majani ya juu, mizizi ya ndago akaiacha chini. Mistari yetu yote iko safi, mihindi inatoka. Ya kwako iko kijani tupu. Kila mutu anayepita anauliza, hii iko ya nani? Na Solange anajibu."

"Anajibu nini?"

Lydie akainama kuinua bidoni. Zamu yake ya maji ilikuwa imefika.

Usiku ule ule Godelive alichukua chupa ya mafuta na kilo ya sukari, akaenda kwa Solange. Paa la nyumba ya Solange lilikuwa na manjanja mbili tu, yaani mabati mawili, upande wa kitanda, zawadi ya parokia baada ya kufiwa na mume. Upande uliobaki ulikuwa nyasi. Solange alifungua mlango, akaitazama sukari, akayatazama mafuta.

"Hivi ni vya nini?"

"Vya... kusalimia, yaya."

"Salamu haibebwaki kwa chupa," Solange alisema, na akafunga mlango polepole, bila hasira, kama mtu afungaye mlango kwa sababu ya upepo.

*

Firmin hakungoja ushauri. Asubuhi ya pili alirudi uani na wanaume wanne, Dany akiwa mbele, kofia nyekundu kichwani na jembe begani kama bunduki.

"Nimekata maneno," Firmin alisema, na kwa mara ya kwanza tangu bahasha ya kwanza sauti yake ilisimama wima. Kadi ilikuwa na picha ya mkewe, si yake. Tangu siku ile alikuwa akiomba pesa ya sabuni kama mtoto. "Hatuombi mutu. Pesa iko, watu wako, shamba iko. Leo njo leo."

"Bei gani?" Godelive aliuliza.

Dany akataja bei. Ilikuwa mara mbili ya ile aliyomlipa kwa Solange.

"Dany! Majuzi haikuwa vile!"

"Majuzi ilikuwa bei ya shamba, mama. Leo njo bei ya bahasha." Wenzake wakacheka chini chini. "Na tunapokea mbele. Ng'ambo ile si ya kuchezea."

"Nusu mbele, nusu jioni."

"Mama Falone," Firmin alisema, bila kumtazama, "usiniaibishe mbele ya watu. Leta."

Godelive aliingia ndani, akafungua fundo la kitenge. Bahasha ya pili ilikuwa imebakiza pesa ya dawa ya kifua na ya chumvi ya mwezi. Bahasha ya tatu, ya mwisho, ingekuja Alhamisi, lakini hiyo ilikuwa imeshafungwa kwa ahadi: minervali ya Falone, pesa ya masomo, ambayo bila hiyo shule ilikuwa imemwambia asikanyage. Godelive alimwahidi hivyo siku jina lake lilipoandikwa kwa ajili ya bahasha. Akatoa noti. Alipowakabidhi wale wanaume, aliona jicho la Dany likipima unene wa fundo lililobaki, na akajisikia kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

Waliondoka sita: wanaume wanne, Godelive, na Falone akiwa na mbegu kichwani. Walivuka mto. Njia ya kwenda kwao ilipita kando ya shamba ambalo likelemba ilikuwa ikilima siku hiyo. Aliwasikia kabla ya kuwaona, maana wimbo wao ulikuwa mrefu kuliko majani:

*Jembe haina macho, lakini inajua mustari,*
*mutu haina mabawa, lakini anavuka Shari.*

Wimbo aliujua. Ubeti wa pili kwa kawaida uliwasifu wenye zamu. Aliposogea, migongo kumi na moja ikiinama na kuinuka pamoja, sauti ya Monique ilitoka mbele ikabadilisha maneno, na wengine wakapokea:

*Kidole ilienda kwa pesa, kivuli ikaja kwa mustari.*
*Nani atalimia kivuli, siye wa kuvuka Shari?*

Hakuna aliyeinua kichwa. Falone alitazama mbele tu, shingo ngumu chini ya mzigo, lakini masikio yake yalikuwa yamelidaka kila neno. Dany peke yake ndiye aliyeupenda wimbo; akaanza kuupigia mluzi.

Kufika shambani, wale wanaume walilima kama watu wanaochora. Jembe liliingia kidogo, likatoka na kifuniko cha majani. Chini mizizi ya ndago ikabaki imetulia. Godelive alilima katikati yao, akipiga jembe mpaka mpini, akitaka waone aibu. Hawakuona.

"Ingiza, Dany! Ingiza chini!"

"Mama, udongo ni ule ule, juu na chini."

Jua halijafika utosini, ukasikika mlio mmoja, mkavu, kama tawi limevunjwa nyuma ya kilima. Kisha mwingine. Wanaume wakainuka wote pamoja. Mtu wa baiskeli akatokea kwenye njia ya juu akisukuma kwa kukimbia, hakusimama, alipunga mkono tu: rudini, rudini.

"Tunaenda," Dany alisema, jembe likiwa limeshapanda begani.

"Mutungojee! Tufunge mbegu..."

"Mama, siye tulilipwa kulima. Hatukulipwa kufa."

Wakakimbia kwa njia ya mkato ya porini, ambayo Godelive hakuijua. Robo ya shamba ilikuwa imekwanguliwa. Falone aliinua gunia mwenyewe, akalipandisha kichwani.

Walishuka karibu mbio. Majani yaliyotikisika yalikuwa mtu. Kisiki kilikuwa mtu. Godelive alimtanguliza binti yake, kisha akaogopa na kumrudisha nyuma yake, kisha akaogopa nyuma pia, akamshika mkono kama alipokuwa mdogo.

Kwenye kivuko waliikuta likelemba. Solange alikuwa amesimama ukingoni akigonga jembe, ko-ko-ko, akiwaita kwa majina kama ilivyokuwa desturi yao siku za hatari: mmoja anaitwa, anaitika, anavuka. "Monique!" "Niko!" "Lydie!" "Niko!" Mpaka la mwisho. Jina la Godelive halikuitwa. Wanawake walikuwa wameshavuka wote, na Solange naye akavuka, maji magotini, akapanda upande wa pili.

Lakini hakuondoka. Alisimama kule juu, mgongo umegeuka nusu, jembe mkononi, akitazama maji kana kwamba maji yale yalikuwa na deni lake. Godelive na Falone wakaingia mtoni. Mguu wa Falone ulipogusa ukingo, ndipo Solange alipogeuka akafuata wenzake.

*

"Kesho nitatafuta wengine," Firmin alisema jioni. Hakuwa tena na ile sauti ya asubuhi. "Kule kwa wakimbizi wa Komanda wako vijana wenye nguvu..."

"Na nini? Utawalipa na nini?"

"Alhamisi si inakuja?"

Falone alikuwa anapepeta mbegu kwenye ungo. Ungo ukasimama.

"Alhamisi iko ya masomo," Godelive alisema.

"Masomo italiwa? Tukifa njaa, atasomea kwa kaburi?" Akakohoa, akakohoa mpaka machozi, na alipomaliza akafuta mdomo kwa kiganja na kukificha kiganja. "Mi siko adui wa mutoto wangu, Godelive. Lakini niambie njia nyingine. Niambie moja tu."

Godelive alikaa akitazama mikono yake. Pesa ilikuwa imeingia nyumba hii mara mbili kama mgeni wa heshima, watu wote wakasimama kuipokea, na sasa alipohesabu waliobaki uani baada ya mgeni kutoka, hakuona mtu. Kabla ya bahasha alikuwa na paa la turubai, njaa na majembe kumi na moja. Leo alikuwa na turubai ile ile na njaa ile ile.

Akaamka kabla ya jogoo. Hakuwasha moto. Alichukua jembe lake, akapita mlangoni bila kugusa bawaba, akateremka peke yake kuelekea Shari.

Kila mtu wa mtaa ule angemwambia kwamba hiyo ni akili ya mtu aliyechoka na maisha. Yeye mwenyewe alijiambia hivyo, hatua kwa hatua. Katikati ya mto alisikia kitu kikiporomoka majini, akasimama mpaka miguu ikafa ganzi. Kilikuwa kipande cha udongo tu. Akasonga. Shamba la Solange alilifahamu gizani kwa mteremko wake. Na mstari wake hakuutafuta: mwanga wa kwanza ulipogusa, mihindi midogo ilisimama safi kulia na kushoto, na katikati njia moja ya majani mabichi, nene, isiyo na haya, kutoka juu mpaka chini. Kama jina limeandikwa.

Akainama. Akapiga jembe mpaka likagoma, akaliinamisha, akageuza bonge, akapiga magoti na kuvuta ndago kwa vidole, na vile vikokwa vyake vyeusi vidogo vinavyojificha chini vikingoja mvua. Akavirundika kwenye kitenge. Nyuma yake udongo ulibaki mweusi na laini. Alikuwa amefika katikati aliposikia ko-ko-ko ikija, si kwa mwendo wa kila siku, bali mbio.

Waliibuka kwenye ukingo wa shamba wote pamoja, wakihema, Solange mbele, na kando yake Falone, viatu mkononi, uso umelowa. Mtoto alikuwa ameamka, akakuta kitanda kitupu na jembe halipo, akaenda kusimama njiani mbele ya Solange, akasema: mama yangu amevuka peke yake.

"Weye!" Solange alifoka, na sauti yake ilipasuka katikati. "Weye una kichwa ao una boga? Ulitaka wakuue huku, kwa shamba yangu, halafu siye tubebe maiti na maneno ya watu?"

"Nimekuja kulima mustari yangu."

"Nani alikuita?"

"Hakuna mutu."

Solange alisogea. Akaitazama ile nusu nyeusi, akainama, akachomeka mkono kwenye udongo mpaka kifundo, akatafuta. Hakutoa kitu. Akajifuta.

"Nikuulize," alisema. "Kule kwa bahasha. Ungewapelekea Dany na kadi yako, wangemupatia pesa?"

"Hapana."

"Ju ya nini?"

"Wanataka kidole yangu."

"Hata ya bwana yako hawataki?"

"Hata ya Firmin."

"Kidole ya Firmin nani ataitaka!" Monique alisema, na wawili watatu wakacheka wasijizuie. Solange hakucheka.

"Basi wageni wanajua bei ya kidole yako. Siye tulikulimia tangu ulipofika hapa na bashi moja ya turubai na mutoto mumoja mukononi. Siye tulistahili kidole ya Dany?"

Godelive akatazama ndago zilizorundikana kitengeni.

"Na usiwaze ni wivu. Wivu iko, sikatai, mi siko malaika. Yule kijana wa kuandika watu alitazama manjanja zangu mbili, akasema, huyu mama iko na nyumba. Akapita. Nililia. Lakini kama ingekuwa wivu, ningepita mulango yako tangu bahasha ya kwanza. Nilikuja, sikuja?"

"Ulikuja, yaya."

"Nikakulimia?"

"Ulinilimia." Godelive alikuwa bado amepiga magoti kwenye mstari. "Nilikosa. Niliona pesa mukononi, nikafikiri inaweza kusimama fasi yangu. Nilikosa, mama Solange. Nyinyi wote."

Upepo ukapita kwenye mihindi. Mahali mbali sana, au pengine masikioni mwao tu, kitu kililia kikanyamaza. Wote wakakisikiliza mpaka mwisho. Lydie ndiye aliyetangulia kushusha jembe begani, akaenda upande wa pili wa mstari ule mchafu, akaanza kulima kuja juu.

"Kesho jembe italia kwako," Solange alisema. "Na kama umebakiza yale makayabo..."

"Yameoza, yaya."

"Dhambi kubwa kuliko zote," mtu akasema, na sasa kicheko kilikuwa cha wote.

"Mungoje," Monique alisema. Hakuwa amecheka. Alikuwa amesimama, mikono kiunoni. "Kesho muko sawa. Na Alhamisi? Alhamisi njo zamu yangu. Na Alhamisi njo bahasha ya mwisho, shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa yetu, ametangaza kwa megafoni, asiyefika anafutwa. Sasa mutu huyu atanitumia nani? Firmin na kikohozi yake?"

Godelive alimtazama. "Monique, nakuomba. Usogeze mupaka Ijumaa."

"Mi sisogezi. Shamba yangu iko kwa muteremuko, mvua ya jana imeshaipasua. Ikinyesha tena kabla ya kulimwa, udongo yote iko Shari. Muniambie, nani alinipatia bahasha ya kununua udongo mwingine?"

Wote wakamgeukia Solange. Yeye alikuwa akimtazama Falone.

"Haki ya kuomba," alisema hatimaye, "uliitumia siku ulimutuma Dany. Ningetaka kusema ingine. Sina."

Falone alikuwa amechutama ukingoni, kikokwa cha ndago kati ya vidole, akikigeuza-geuza. Hakulia. Aliinua uso na kuuliza taratibu, kama anayeuliza kama kuna maji ya kunywa:

"Na masomo, mama?"

Hata Monique alitazama pembeni. Godelive aliinuka. Akajipangusa mikono kwenye kitenge, lakini udongo ulikuwa umeingia ndani ya kidole gumba, kwenye mistari yake midogo ile ambayo mashine ya wageni huisoma, na haukutoka. Akamwendea binti yake, akamsimamisha mbele ya wanawake wote, akamshika mabega. Alisema kwa nguvu, ili wa mwisho upande wa chini wa shamba naye asikie.

"Monique, Alhamisi mi niko kwa mustari yako mbele ya mwanga, mi mwenyewe, na mwili yangu. Bahasha ipite. Na weye Falone, mutoto wangu, sikia, na hawa wote njo mashahidi: maharagi ya kwanza itakayotoka kwa udongo yetu, mbele ya chumvi, mbele ya dawa ya baba yako, mbele ya tumbo yangu, iko ya masomo yako. Na nikivunja neno hii, jembe ya Solange ipite mulango yangu mupaka siku ya kufa kwangu."